Bati la Bisie, Koltani ya Rubaya na Diski za Seva
Historia ya diski za seva za utafutaji (seva hizo ni kompyuta kadhaa zilizounganishwa ili zigawane kazi ya kutafuta) haikamiliki bila Masisi na Walikale, wilaya za mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ijapokuwa vitabu vya ufundi huikwepa sehemu hiyo. Kuanzia 2002, kaseteriti, jiwe litoalo bati la kulehemu saketi, ilichimbwa kwa mikono huko Bisie, wilayani Walikale, wapagazi wakaibeba msituni katika mizigo ya kilo 50 hivi hadi Njingala, kisha ikapakiwa Kilambo, ambako ndege zilitua barabarani, na kupelekwa Goma. Rubaya, wilayani Masisi, ilitoa koltani, madini yenye tantalamu ya kutengenezea kapasita, vifaa vidogo vinavyotunza chaji. Katika diski nyingi za elektroniki za seva, chaji hiyo humalizia kuandika data umeme unapokatika ghafla. Kinga hiyo ina uzito hata pale mafundi wanapochagua diski za ndani ya kila seva, wakitegemea nakala za faharasa ya utafutaji zilizo kwenye seva nyingine. Huko migodini, serikali ya Kongo ilisimamisha uchimbaji Septemba 2010, amri iliyowanyima wachimbaji wadogo riziki papo hapo, ikauruhusu tena Machi 2011. Mgodi wa kisasa wa Bisie ulianza kuzalisha 2019, ilhali Rubaya ilitekwa na waasi wa M23 mwaka 2024.