Fundi na Alama Zilizofutika

Historia ya magari katika nchi yetu husimuliwa mara nyingi kwa kutaja barabara, mabasi na wenye mabasi. Fundi aliyeifumua injini na kuifunga tena hatajwi. Na akitajwa, huitwa mtu wa kubahatisha, bingwa wa kufunga waya mahali palipohitaji boliti. Mimi mkazi wa Maji ya Chai, niliyezeeka kando ya barabara ya Arusha hadi Moshi, sikubaliani na hukumu hiyo. Ushahidi wangu ni mmoja tu, nao ni kemshafti na taimingi yake. Kazi nyingi za gereji mtu anaweza kuzibahatisha na gari likatembea. Hii haibahatishiki.

Tuanze na jambo lenyewe. Injini nyingi za magari hufanya kazi kwa hatua nne: kuvuta hewa, kuibana, kuwaka na kutoa moshi. Ili kukamilisha hatua hizo, pistoni hushuka na kupanda mara mbili, yaani krankshafti huzunguka mara mbili. Katika muda huo kila valvu hufunguka mara moja tu. Kwa hiyo kemshafti, ile shafti yenye nundu zinazosukuma valvu, sharti izunguke mara moja kila krankshafti inapozunguka mara mbili. Ndiyo sababu gia yake huwa na meno mara mbili ya ile ya krankshafti. Huo ni uwiano wa 2 kwa 1, hesabu ya shule ya msingi.

Lakini uwiano peke yake hautoshi; lazima mwendo uanzie mahali panapostahili. Chukua gia ya kemshafti yenye meno 40. Ukikosea jino moja tu umekosea nyuzi 9 za kemshafti, ambazo ni nyuzi 18 za krankshafti. Valvu itafunguka kabla ya wakati au baada yake, na injini itakosa nguvu, itachemka, au itakataa kuwaka kabisa.

Wenye viwanda walijua hatari hiyo, wakaweka alama. Katika Volkswagen ya zamani, ile ya umbo la kobe, gia ya krankshafti ina nukta mbili na gia ya kemshafti ina nukta moja. Ile moja hukaa katikati ya zile mbili. Katika Land Rover ya petroli ya lita 2.25, iliyotoka mwaka 1958, flaiwili ina alama ya herufi EP. Alama hiyo ikifika kwenye mshale, valvu ya moshi ya silinda ya kwanza inatakiwa iwe imefunguka mpaka mwisho. Peugeot 404 na 504 nazo zilikuwa na cheni na alama zake. Magari hayo ndiyo yaliyowafundisha kazi mafundi wetu, na yalikuwa na heshima kubwa. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953, Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda kwa Peugeot 404 mwaka 1966 na tena mwaka 1967.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo. Kwa sisi wa Arusha, Nairobi ilikuwa ndilo duka la spea lililo karibu. Namanga ilipofungwa, duka nalo likafungwa, na halikufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Mwishoni mwa 1978 tuliingia vita vya Kagera, na fedha za kigeni zikaadimika. Gari ambalo zamani lingeuzwa chakavu sasa lilifumuliwa mara ya pili na ya tatu. Injini moja ilifungwa kwa vyuma vya magari matatu: flaiwili ya gari lililopinduka, gia kutoka kwa gari jingine, cheni iliyokwisha kulegea. Hapo ndipo alama za kiwandani zilipopoteza maana. Flaiwili ikitoka kwenye gari jingine na kufungwa kombo, herufi EP inakuwa urembo tu.

Mwaka 1982 Land Rover ya shule nilikofundisha ilifikia hali hiyo. Gari lile ndilo lililobeba mahindi ya wanafunzi, na ndilo lililopeleka wagonjwa hospitali usiku. Lisingewaka, tungebaki na machela. Fundi aliyeletwa alikuwa mzee asiyekuwa na kitabu chochote, na kazi aliifanyia chini ya mti.

Kwanza aliitafuta pistoni ya silinda ya kwanza ilipo juu kabisa, kwa kupitisha waya kwenye tundu la plagi. Hapo pana mtego, maana pistoni ikikaribia kileleni husita kidogo, na waya hauonyeshi ni wapi hasa ilipogeuka. Mzee aliuwekea waya alama ya kimo fulani. Akaizungusha injini polepole mpaka waya ukafika kimo hicho ukipanda, akachora mstari wa chaki kwenye puli. Akaendelea kuzungusha mpaka waya ukafika kimo kilekile ukishuka, akachora mstari wa pili. Katikati ya mistari miwili ndipo pistoni ilipo juu kabisa. Kisha akaigeuza kemshafti mpaka valvu za silinda ile zikapishana, ya moshi ikimalizia kujifunga na ya hewa ikianza kufunguka, ndipo akavisha cheni. Akajaribu jino moja mbele na jino moja nyuma ili kulinganisha. Mwisho akatia hendeli na kuizungusha injini kwa mkono mara mbili kamili, akisikiliza, kabla ya kuruhusu mtu kugusa stata.

Nilimwuliza kama haogopi kufanya kazi bila alama. Akanijibu, “Mwalimu, alama ni ya mwenye kiwanda. Mimi namwuliza pistoni.”

Ndugu msomaji, kugawa umbali katika nusu mbili ili kupata kilele ni jometri. Kuzungusha mara mbili kamili, wala si mara moja, ni kuujua uwiano wa 2 kwa 1 na sababu yake. Mtu wa kubahatisha hafanyi hivyo.

Baada ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, magari yalianza kurudi barabarani. Katika miaka ya 1990 zilimiminika Toyota zilizotumika Japani, zikiwamo Hiace za dizeli ambazo watu wa Arusha waliziita vifodi. Katika injini nyingi za Hiace hizo kemshafti iko juu, kwenye silinda hedi, nayo huzungushwa na mkanda wa mpira. Kiwanda kiliweka hata taa ya kumkumbusha dereva kubadili mkanda kilomita 100,000 zikitimia. Lakini gari lililokuja na mita isiyoaminika, nani angejua mkanda una umri gani? Injini ya zamani ilipokosewa jino moja ilikohoa na kumpa fundi nafasi ya kurudia. Hii mpya, mkanda ukikatika mlimani, pistoni hugonga valvu na kuzipinda palepale. Vijana waliozoea kusikiliza injini na kurekebisha walipoteza injini nzima, na wenye magari wakawaita wababaishaji. Waliobaki salama ni wale waliofundishwa desturi ya kuzungusha kwa mkono mara mbili.

Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka mkono na kichwa visitengane. Chuo cha Ufundi Arusha kilifunguliwa mwaka 1978, na sheria ya VETA ikapitishwa mwaka 1994. Hayo ni mambo mema, na vijana wengi wamefaidika. Hata hivyo elimu ya mzee yule wa chini ya mti haikupita huko. Hakuwa na cheti cha kuonyesha, na njia yake ya chaki na waya ilienda kwa wasaidizi wachache waliokuwa wakimshikia spana. Leo kompyuta hueleza hitilafu, na Toyota nyingi zina mtambo wa VVT-i unaosogeza taimingi injini ikiwa inazunguka. Lakini anayeifunga injini hiyo bado anaanza kwa kulinganisha alama, na siku alama zikifutika atahitaji kujua anachokijua mzee.

Walimu wa hisabati walio kazini wasingoje mitaala mipya. Wawachukue wanafunzi hadi gereji iliyo karibu, waombe injini ikiwa wazi, wahesabu meno ya gia mbili na kuandika walichokiona kwa Kiswahili, huku mafundi wa miaka ile wangali hai wa kuwasahihisha.