Waliiita "Mfanya Wajane": Ndege ya Mabomu Ambayo Marubani Wake Wenyewe Waliiogopa

Wadau, leo tunarudi enzi za Vita ya Pili ya Dunia. Kuna ndege moja ya Kimarekani ambayo vijana wa mafunzo waliiogopa kuliko walivyomwogopa Mjerumani. Jina lake rasmi ni Martin B-26 Marauder. Mtaani, yaani kambini, iliitwa Mfanya Wajane. Wengine waliiita Malaya wa Baltimore, eti kwa sababu haionekani inaishi kwa kutegemea nini: mwili mkubwa, vibawa vidogo. Utani mchafu wa wanajeshi huo, lakini ukiangalia picha yake unaelewa walikuwa wanasema nini.

Tuanze na haraka, maana ndo mzizi wa yote. Mwaka 1939 jeshi la anga la Marekani lilitaka ndege ya mabomu ya ukubwa wa kati, injini mbili, yenye mbio. Kampuni ya Glenn L. Martin ya Baltimore ikapeleka michoro, mchoraji mkuu akiwa kijana anaitwa Peyton Magruder. Ulaya ilikuwa tayari inawaka, hakuna mtu aliyekuwa na muda wa kusubiri. Ikaagizwa ndege 201 kwa michoro tu! Hakuna ndege ya mfano iliyotengenezwa kwanza kujaribiwa. Ya kwanza kabisa kuruka, tarehe 25 Novemba 1940, ilikuwa ndo hiyohiyo ya oda.

Na kiukweli kwenye karatasi ilikuwa kitu cha hatari. Injini mbili za Pratt & Whitney za silinda 18, kila moja nguvu ya farasi 1,850. Mwili umechongwa kama sigara. Mbio zake zilifika kama kilomita 500 kwa saa, na tumboni ilibeba mabomu ya karibu tani 2. Ili kupata spidi hiyo, Magruder aliipa mabawa mafupi, mita 19.8 kutoka ncha hadi ncha. Jeshi lilikuwa halijawahi kupokea ndege inayobebesha kila mita ya mraba ya bawa uzito mkubwa namna ile.

Hapo sasa ndo kimbembe. Bawa dogo lenye mzigo mzito linahitaji spidi ili libaki hewani. Ukija kutua ilibidi ushikilie kama kilomita 240 kwa saa, na ukipunguza sana ndege inadondoka kama jiwe. Kijana anayepewa mashine hii wengi wao walikuwa hawajawahi hata kurusha ndege ya injini mbili. Injini moja ikizima wakati wa kupaa, una sekunde chache tu za kufanya jambo sahihi. Pangaboi zake zilibadili pembe kwa umeme. Betri ikiwa imechoka, pangaboi linaanza kuzunguka hovyo na nguvu inakata. Halafu ndege za mwanzo zilifika bila bunduki zote, uzito ukakaa vibaya, mguu wa mbele ukawa unavunjika. Kwenye uwanja wa MacDill, Florida, ulizuka msemo kwamba kila siku moja inaingia kwenye ghuba ya Tampa. Haikuwa kila siku, ila msemo haukutoka hewani.

Kelele zikafika Seneti. Harry Truman, kabla hajawa rais, aliongoza kamati iliyochunguza matumizi ya vita, na kamati yake ikaibana B-26. Truman alisimulia kwamba alimuuliza Martin kwa nini asirefushe mabawa, Martin akajibu mkataba ulishasainiwa. Truman akamwambia basi mkataba utavunjwa. Mabawa yakarefuka hadi mita 21.6. Cha kuchekesha (na kuuma), ndege nayo iliongezwa bunduki na vyuma vya kujikinga, uzito ukapanda, spidi ya kutua ikabaki juu vilevile.

Kilichookoa jahazi zaidi ni mafunzo. Jenerali Jimmy Doolittle, yule aliyepiga Tokyo, alitumwa kuichunguza, akaonyesha kuwa inaruka vizuri tu kwa injini moja ukijua unachofanya. Wanawake wa kikosi cha WASP nao walijifunza kuirusha huko Dodge City, Kansas, wakawa wanavuta shabaha angani ili wapiga bunduki wafanye mazoezi. Piga picha: jamaa analalamika ndege hairushiki, dada anashuka nayo anavua glovu.

Lakini Ulaya iliwapokea kwa msiba. Tarehe 17 Mei 1943 ndege 11 ziliondoka Uingereza kwenda kupiga mitambo ya umeme Uholanzi, zikiruka chinichini. Moja iligeuza njiani kwa hitilafu. Kumi zilizoendelea hazikurudi, hata moja. Karibu watu 60 kwa asubuhi moja, wengine wamekufa, wengine wametekwa.

Hapo wakubwa wangeweza kuitupa. Badala yake wakabadili namna ya kuitumia: waipandishe mita 3,000 na kitu, ambako bunduki ndogo za ardhini hazifiki, ziende kwa makundi yaliyobanana, na ndege za kivita zizisindikize. Ikawa hadithi nyingine kabisa. Hadi vita inaisha, B-26 ilikuwa na kiwango kidogo cha kupotea kuliko ndege zote za mabomu za Marekani Ulaya, chini ya asilimia 1 kwa safari. Moja yao, Flak Bait, ilipigwa matundu zaidi ya 1,000 na ikamaliza safari zaidi ya 200. Ipo makumbusho ya Smithsonian hadi leo.

Mimi naona jina ndo lilikuwa gumu kufa kuliko ndege yenyewe. Zilitengenezwa zaidi ya 5,200, na vita ilipoisha nyingi zilikatwakatwa zikauzwa kama chuma chakavu. Mwaka 1948 hata "B-26" wakaichukua, wakaipa ndege nyingine kabisa, Douglas Invader. Ndo maana ukisoma kuhusu B-26 za vita ya Korea, sio hii.