Umuravumba: Nani Aligundua Dawa Hii?

Uani mwa nyumba ninamopanga, Mutanga Sud, mna kichaka cha umuravumba. Ukisugua jani lake, harufu hubaki vidoleni. Mmea huu ni wa jamii moja na mnanaa na rihani. Wazee wetu, kama majirani zetu wa Rwanda, huutumia kutibu kikohozi, homa na maumivu ya tumbo.

Wataalamu wa mimea waliuita Moschosma, baadaye Iboza, na tangu 1983 Tetradenia riparia. Mwaka 1986, Van Puyvelde na wenzake, baada ya utafiti uliohusisha Butare, walitangaza kwamba majani yake yana kemikali inayoua vijidudu. Mwaka 1989, Baerts na Lehmann walichapisha huko Tervuren, Ubelgiji, kitabu kuhusu waganga wa Burundi na mimea yao.

Je, dawa hii iligunduliwa 1986? La hasha. Mwaka huo maabara ilithibitisha tu kilichokwisha kujulikana. Mama mwenye nyumba hayajui majina yale matatu. Anajua umuravumba, kama alivyofundishwa na bibi yake. Kwa hiyo, mwanahistoria wa dawa aanze kwa bibi, ndipo aende maktaba.