Saini ya Nani?

SEHEMU YA NNE

ILIPOISHIA: Bi Zuhura, mshonaji wa Kiponda, amefikishwa Hospitali ya Mnazi Mmoja akiwa hajitambui. Kidonda cha mguu wa kushoto, alichokuwa akikificha chini ya kanga tangu Shaabani, kimeoza, na sumu imeingia kwenye damu. Daktari anataka ridhaa ya kuukata mguu chini ya goti. Mzee Kassim ameshika kalamu. Wino haujagusa karatasi, shemeji yake Haji anamkamata mkono: "Ngoja. Waambie kwanza wanao, mwezi wa Rajabu ulimwandikia nini dada yangu."

SASA ENDELEA...

Mzee Kassim alijaribu kuuvuta mkono wake. Haji ni mvuvi wa Mkokotoni, mkono wake umezoea kamba ya nanga, haukuchomoka.

"Si mahala pake hapa, Haji."

"Ndipo hasa. Unataka kutia saini kwa jina la mume. Mume wa nani?"

Hemedi aliinuka kwenye benchi. "Mjomba, unasema nini?"

Haji hakumjibu. Alitia mkono wa pili kwenye mfuko wa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya meza, palepale ubavuni mwa fomu ya hospitali. Hemedi aliifungua mwenyewe. Mwandiko aliujua: ndio uliomwandikia barua zote za shule. Talaka moja. Tarehe 12 Rajabu.

Mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi huhesabu eda yake kwa miezi, mitatu kamili. Hemedi alihesabu kwa vidole, hadharani: Shaabani, Ramadhani, Mfunguo Mosi. Na siku ile ilikuwa 22 Mfunguo Mosi.

"Imeshapita siku kumi," alisema Haji. "Miezi mitatu ulikuwa nayo ya kumrejea kwa neno tu, Kassim. Neno! Hata mahari mapya yasingehitajika."

"Nilikuwa nangoja Idi ipite..."

Idi ile Bi Zuhura aliwapikia wote. Aliwashonea wajukuu kanzu, akapokea wageni, akamwekea Mzee Kassim sahani yake mahala pake pa kila mwaka. Karatasi ya talaka ilikuwa kwenye droo ya cherehani, pamoja na vifungo. Hakuna mtoto wake aliyejua. Mimi ninayewasimulia siwezi kulipita hili haraka: mwanamke aliyewalinda watu wake wasiione aibu ya mumewe ndiye aliyelala sasa hivi wodini, na watu haohao wanagombania nani aseme kwa niaba yake.

Daktari wa upasuaji alikuwa amesimama muda wote bila kuingilia. Alikuwa mwanamke wa makamo, kaweka ushungi wake ndani ya kofia ya kijani.

"Wazee wangu, nimewasikia," alisema. "Lakini mguu haujui Rajabu wala Mfunguo Mosi. Presha yake ni themanini kwa arubaini. Sukari ishirini na saba. Mkojo umekaribia kukatika, maana yake figo nazo zinashindwa. Tumemtia maji, tumempa insulini na dawa kali za kuua vijidudu. Dawa husafiri kwenye damu. Nyama iliyokufa haipiti damu. Naweza kumtia chupa kwa chupa, hazitafika pale zinapotakiwa."

"Basi tumvushe," alisema Hemedi. "Boti ya saa tisa. Saa mbili tu tuko Dar, tunamfikisha Muhimbili."

"Saa mbili za baharini, mwanangu. Ongeza za kumfikisha bandarini, za kumpandisha, za kumshusha, na foleni ya barabarani. Watamkuta na shida ileile, au watamkuta maiti."

Simu iliyokuwa mkononi mwa Hemedi ilipiga kelele. Ni Rayya, bintiye Bi Zuhura, aliyekuwa akisikiliza kutoka Maskati. "Kaka, asiguswe mama! Natafuta daktari wa huku. Pesa ninazo, nasema pesa ninazo!"

"Dada yangu," daktari aliisogelea simu, "pesa tungezipokea. Muda ndio hana."

Hapo Haji aliuachia mkono wa shemeji yake. Sauti ikamshuka.

"Daktari, mimi sikatai kwa ujinga. Dada yangu alikataa mwenyewe. Nilikuwepo. Mwezi wa Shaabani, kwenye kliniki moja, waliposema kidole kitolewe, alisema nakwenda kwa Mola wangu na viungo alivyonipa. Unajua kwa nini? Baba yetu alikatwa mguu. Hospitali hii ilikuwa ingali ikiitwa V. I. Lenin, mimi mtoto. Alipona, akarudi nyumbani, na miaka tisa aliyoishi baada ya hapo, chungu chake cha haja alikibeba Zuhura. Kila alfajiri. Aliapa mbele yangu kwamba cha kwake hatakibeba mtoto wa mtu."

Daktari aliivuta stuli akakaa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu asubuhi.

"Angelikuwa macho sasa akanambia hapana, ningemwacha, ingawa ningelia. Neno la mtu mwenye akili zake halifutiki kwa sababu amelala. Lakini nisikilize, mzee wangu. Alikataa kidole. Alikataa siku ambayo angeweza kwenda nyumbani kwa miguu yake. Hakuna aliyemuuliza: mguu au roho? Hilo ndilo nnalotafuta. Simtafuti mwenye cheo katika familia hii. Natafuta mtu anayeweza kunambia Bi Zuhura mwenyewe, akiamka dakika hii akayasikia niliyosema, angejibu nini."

Kimya. Watu watatu waliokuwa wakishindania saini, hakuna aliyejibu.

Ndipo alipoingia Maalim wa msikiti wao, viatu mkononi. Hemedi alikuwa amempigia tangu mapema. Alielezwa. Alimuuliza daktari swali moja kabla ya kuwageukia wengine: "Kuna hatari ya roho?" Daktari alisema ipo. Maalim akatikisa kichwa.

"Basi mambo haya yameshazungumzwa na wakubwa kuliko sisi. Mwaka 1992, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jeddah, lilisema mgonjwa mwenye akili timamu hatibiwi ila kwa idhini yake. Asiyeweza, idhini ni ya walii wake. Lakini walii amefungwa: haruhusiwi kutoka nje ya maslahi ya mgonjwa. Akikataa jambo na kukataa kwake kukawa na madhara ya wazi, kukataa huko hakuhesabiwi, haki inahamia kwa walii mwingine. Na roho ikiwa hatarini, matibabu hayangoji idhini. Ama kiungo kikikatwa, kitafungwa kitambaa na kitazikwa. Hakitupwi."

Haji aliinamisha kichwa, kisha akakiinua. "Nimekuelewa, Maalim. Lakini umetaja walii anayekataa. Je, akiwa aliyekataa ni mgonjwa mwenyewe, kabla hajapoteza fahamu?"

Maalim alivishika viatu vyake vizuri. Hakujibu upesi, na mimi namheshimu kwa hilo.

Mvutano wa namna hii umewahi kuitikisa nchi kubwa. Katika jimbo la Florida, Marekani, mume wa Terri Schiavo na wazazi wa mwanamke huyo walipelekana mahakamani juu ya mpira wa chakula uliokuwa ukimweka hai. Mume aliomba uondolewe mwaka 1998. Terri alifariki tarehe 31 Machi 2005, baada ya majaji, Bunge na Rais George W. Bush kuingia kati. Hakuwa ameacha maandishi. Mume aliapa kwamba anayajua matakwa yake, wazazi nao wakaapa vivyo hivyo. Miaka saba. Bi Zuhura hakuwa na saa saba.

"Babu," ilisikika sauti nyembamba.

Alikuwa Tima, bintiye Hemedi. Ana miaka kumi na tisa, na tangu mwezi wa Ramadhani ndiye aliyekuwa akilala chumba kimoja na bibi yake. Kila usiku baada ya Isha aliukosha ule mguu kwenye beseni, akaukausha, akaufunga, akayamwaga maji yenye harufu kabla mtu hajapanda ngazi. Alikuwa amewasihi mara nyingi wampeleke bibi hospitali. Walimwambia asimfanye bibi yake mgonjwa. Tangu wafike hapa hakuna aliyemuuliza lolote, zaidi ya kumtuma maji.

"Bibi alitia sauti kwenye simu yake. Usiku wa kuamkia juzi. Alisema ni ya shangazi Rayya."

"Sijapata kitu mimi!" alisema Rayya.

"Haikwenda, shangazi. Bando lilikuwa limekwisha. Nilisema n'tanunua asubuhi, na asubuhi bibi akaanza kuniita kwa jina la mama yake."

Alikuwa ameishika ile simu ndogo kifuani wakati wote. Aliiweka mezani, juu ya ile talaka, akabonyeza.

Kwanza ilisikika pumzi nzito, na nje muuza kahawa akigonga vikombe. Kisha Bi Zuhura, kwa sauti yake ya barazani, kavu na ya taratibu:

"Rayya mwanangu. Akili yangu leo ipo, Tima ni shahidi, nimeshamtajia siku na tarehe na majina yenu nyote. Mguu huu umenishinda. Nimefanya ukaidi, najua. Sasa nnachotaka kusema ni hiki. Nikifika pahala ulimi hausemi, msishindane juu ya kichwa changu. Nawajua. Hemedi atataka kunisafirisha. Wewe utataka kuleta pesa. Haji atamkumbuka baba. Kila mmoja atanionea huruma ya kwake. Kassim asiniamulie kitu, na sababu yeye anaijua."

Mzee Kassim alikaa kitako bila kutazama kama kuna kiti. Kilikuwepo.

"Kuna mtu mmoja nimekaa naye nikamwambia yote, nnachokiogopa na nisichokiogopa. Ameniuliza maswali ambayo nyinyi mngeona haya kuniuliza. Yeye ndiye atakayesema kwa ajili yangu, na atakalolisema ni langu. Msimrukie. Aniamulie Mwanaisha."

Sauti ikakatika.

"Mwanaisha yupi?" aliuliza daktari.

Hakuna aliyejibu, lakini macho yote yalikwenda sehemu moja: mwisho wa benchi, karibu na mlango. Pale alikuwa ameketi mwanamke aliyejifunga kanga mbili, na kikapu cha ukindu miguuni, chupa ya uji ikichungulia. Alikuwa ametoka Makunduchi kwa daladala ya mwanzo. Tangu afike, hakuna aliyemwambia karibu. Ndiye mke mwenza wa Bi Zuhura. Ndiye ambaye Mzee Kassim amekuwa akilala kwake miaka kumi na mitano.

"Haiwezekani!" Mzee Kassim alisema. "Hawajawahi kusemezana hawa. Tangu nimuoe huyu, hawajawahi!"

"Wanasemezana, babu," alisema Tima. "Kila Alhamisi. Wewe ukenda Darajani, yeye hupanda juu kwa bibi. Hufunga mlango."

Kutoka Maskati sauti ya Rayya ilipasua ukumbi: "Mke mwenza? Mke mwenza ndiye aamue mama yangu aishi au afe? Hemedi, umekaa unatazama?"

Hemedi alikuwa kweli amekaa anatazama. Alikuwa akimtazama mjomba wake, na Haji alikuwa akimtazama Maalim.

"Ni kauli ya mwenyewe," alisema Maalim polepole. "Na ametaja shahidi."

"Na nyumba ya Kiponda?" Haji aliuliza. "Zuhura akifa leo, akafa akiwa ameachwa na eda imekwisha, Kassim harithi hata tofali, na huyu hana cha kufaidi kupitia kwa mumewe. Akiishi, Kassim anaweza kumposa tena, na hapo ndipo wote wawili wanaporudi mezani. Simtuhumu mtu. Nauliza tu, huyu anasema kwa ajili ya nani?"

Mlango wa wodi ulifunguka kwa kishindo. Sista alitoka mbio. "Daktari, presha sitini! Nusu kaputi wako tayari, wanauliza tunaingia au hatuingii?"

Daktari alisimama. Aliichukua fomu, akaipita mikono ya Mzee Kassim, ya Hemedi na ya Haji, akaenda kuiweka mapajani mwa mwanamke wa Makunduchi.

"Bibi, nisamehe, siwezi kukupa muda. Umemsikia mwenzako. Akijua kwamba ni mguu au roho, angenambia nini?"

Mwanaisha hakuigusa fomu. "Mguu wa kushoto?"

"Wa kushoto."

"Na cherehani huikanyaga kwa wa kulia," alisema, kama anayehakikisha hesabu. Kisha aliinuka, akakisukuma kikapu kando, akamtazama mumewe usoni kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

"Nnalo jibu lake, daktari. Alinambia Alhamisi, neno kwa neno, na alinambia pia kidonda kile kilianza vipi. Lakini silisemi mbele ya Kassim. Mtoeni kwanza huyu nje. Na wewe Hemedi, kashike mlango, baba yako asiondoke hospitali hii."

ITAENDELEA JUMAPILI IJAYO...