‘Kadhal Desam’: Uhasama wa vyuo uliozimwa na hadithi dhaifu

MAFAHALI wawili hawakai zizi moja, na katika jiji la Chennai, kusini mwa India, mafahali hao kwa miaka mingi wamekuwa ni vyuo vya mjini. Wanachuo wa chuo kimoja huwavizia wa chuo kingine vituoni, na basi la abiria hugeuka uwanja wa mapambano. Uhasama huo ndio aliouchukua mwongozaji Kathir na kuufanyia filamu ya Kitamil iitwayo ‘Kadhal Desam’, yaani Nchi ya Mapenzi, iliyoingia katika majumba ya sinema Agosti 1996.

Hapa kwetu filamu yoyote itokayo India huitwa ya Kihindi. Hii si ya Kihindi. Watamil wana lugha yao na tasnia yao ya filamu yenye makao Chennai, ingawa ‘Kadhal Desam’ baadaye ilitiwa sauti za Kihindi na kupewa jina la ‘Duniya Dilwalon Ki’.

Hadithi yenyewe yaeleweka upesi. Karthik (Vineeth) ni kijana yatima, maskini, mwenye kipaji cha ushairi, anayesoma Pachaiyappa’s. Arun (Abbas) ni mtoto wa tajiri, naye yuko Loyola. Vyuo hivyo viwili vinapigana. Siku ya ghasia Karthik anamwokoa Arun, na kuanzia hapo maadui wanakuwa marafiki wa chanda na pete. Kisha anatokea Divya (Tabu), na wote wawili wanampenda, kila mmoja bila kujua siri ya mwenzake.

Kwa macho na masikio, filamu hii ni karamu. Mpigapicha wake, K. V. Anand, aliyekwisha kutunukiwa tuzo ya taifa ya India kwa kazi yake katika filamu ya Kimalayalam ‘Thenmavin Kombathu’ ya 1994, aliitia rangi na mwanga kiasi kwamba maisha ya chuo yanaonekana kama tangazo la biashara ya nguo. Muziki ni wa A. R. Rahman, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne tu tangu ajulikane kwa ‘Roja’. Mtayarishaji, K. T. Kunjumon, hakuwa mtu wa kubana mkono; ndiye aliyegharimia ‘Gentleman’ na ‘Kadhalan’ kabla ya hapo.

Lakini uzuri huu ni wa mkakasi. Ukiufungua, unakuta kipande cha mti.

Kasoro ya kwanza ndiyo kubwa kuliko zote. Filamu inaanza na ugomvi wa vyuo, inautumia kuwakutanisha steringi wake wawili, kisha inauweka kando kana kwamba haukuwapo. Kwa nini vijana hawa wanachukiana? Mtunzi hatuelezi. Na jibu lilikuwa mlangoni pake. Loyola ilianzishwa na mapadri wa Shirika la Yesu mwaka 1925, na kwa muda mrefu imehesabiwa kuwa chuo cha watoto wa wenye nazo. Pachaiyappa’s ilitokana na wasia wa tajiri wa Kihindu, Pachaiyappa Mudaliar, na shule yake ya awali ilifunguliwa mwaka 1842. Humo ndimo alimosoma C. N. Annadurai, mwana wa familia ya kawaida aliyekuja kuwa Waziri Kiongozi wa jimbo mwaka 1967. Baina ya malango hayo mawili kuna habari za tabaka, lugha na siasa za kutosha filamu tatu. Kathir anazigusa kwa ncha ya kidole tu: huyu ana gari, yule hana.

Kasoro ya pili ni Divya mwenyewe. Wanaume wawili wanaumia kwa ajili yake, lakini yeye hapewi tamaa wala hasira, na hatujui anataka nini maishani. Mwishoni anatamka kwamba anawapenda wote wawili na hawezi kumchagua mmoja akampoteza mwingine. Basi watatu hao wabaki marafiki. Wapo waliousifu mwisho huo kwa ujasiri wake. Mimi nauona kuwa ni mtunzi aliyekwama akamtwika mwanamke mzigo wa kukwama kwake. Mwaka huohuo Tabu aliigiza katika ‘Maachis’, filamu ya Kihindi iliyompatia tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike. Kipaji, basi, hakikukosekana.

Wala Kathir hakuwa mgeni wa kazi hii. Katika ‘Idhayam’ ya 1991 alisimulia habari za mwanachuo wa udaktari asiyethubutu kutamka mapenzi yake, na kwa jambo hilo moja dogo alimshika mtazamaji hadi mwisho.

Jambo moja la pembeni linafurahisha. Sauti ya Kitamil ya Abbas si yake. Ilitiwa na Vikram, ambaye siku hizo alikuwa mwigizaji asiye na jina kubwa na ambaye yeye mwenyewe alisoma Loyola. Yaani sauti tunayoisikia kwa kijana wa Loyola ni ya mtu wa Loyola hasa. Vikram alipanda chati baadaye kwa ‘Sethu’ ya 1999, naye humo akaigiza mbabe wa chuoni.

Uhasama ulioachwa njiani na filamu haukukoma mitaani. Makundi ya wanachuo wa Chennai hujipanga kwa njia za mabasi na treni, kila njia na kiongozi wake. Julai 2019 wanachuo wa Pachaiyappa’s walishambuliana kwa mapanga ndani ya basi na barabarani mchana kweupe. Oktoba 2024 kijana wa chuo cha Presidency alifariki dunia baada ya kupigwa karibu na kituo kikuu cha reli, na waliokamatwa walikuwa wanachuo wa Pachaiyappa’s.

Kilichodumu katika ‘Kadhal Desam’ ni wimbo wake ‘Mustafa Mustafa’, ulioimbwa na Rahman mwenyewe kuusifu urafiki. Hadi leo wanachuo wa Tamil Nadu huuimba wanapoagana mwisho wa masomo, wengi wao wakiwa hawajazaliwa filamu hiyo ilipotoka.