Mabano ya Kunasa katika Historia ya Semi za Kawaida: Kutoka Utafutaji hadi Ubadilishaji wa Matini

Historia ya semi za kawaida, yaani ruwaza zinazoeleza mifuatano ya herufi, huelezwa mara nyingi kama safari iliyonyooka kutoka hisabati hadi kompyuta. Stephen Kleene alizichapisha mwaka 1956 alipokuwa akichunguza mitandao ya neva ya McCulloch na Pitts. Ken Thompson akazigeuza kuwa algorithi ya utafutaji katika makala yake ya Juni 1968. Kisha vihariri vya matini vikazieneza. Kwa upande wa utafutaji, masimulizi hayo yanatosha. Kwa upande wa ubadilishaji wa matini yana pengo, kwa kuwa chombo chake kikuu, mabano ya kunasa, hakikutoka kwa Kleene.

Katika hisabati ya Kleene mabano hupanga tu, hayakumbuki chochote. Algorithi ya Thompson, iliyoandikiwa mashine ya IBM 7094, ilifuata njia zote zinazowezekana kwa wakati mmoja huku ikisoma kila herufi mara moja. Haikuhitaji kujua ni herufi zipi zilizoangukia ndani ya mabano yapi. Mwenye kubadilisha matini huhitaji jambo hilo hasa. Katika toleo la 7 la Unix (1979), vihariri ed na sed vilikubali amri kama hii:

s/\([a-z]*\) \([a-z]*\)/\2, \1/

Mstari «juma hamisi» huwa «hamisi, juma». Kila jozi ya mabano hunasa kipande, na tarakimu hukirejesha mahali papya. Kwa sed uwezo huu ulikuwa na uzito wa pekee: programu hiyo husoma maagizo yaliyoandikwa mapema na kuyatekeleza mstari baada ya mstari bila mtu kuketi mbele yake, hivyo kanuni yenyewe ilipaswa kubeba neno ambalo mwandishi wake hakuweza kulijua.

Utata ulianza pale tarakimu ileile iliporuhusiwa pia ndani ya ruwaza. Usemi \(..*\)\1 hudai kwamba kilichonaswa kijirudie papo hapo. Mwanaisimu wa Kiswahili atautambua haraka: hunasa uradidi wa «polepole» na «sawasawa» (ingawa hunasa pia «baba», ambalo si uradidi wa kisarufi, na hata irabu mbili za «kaa»). Seti ya mifuatano inayojirudia hivi haimo katika lugha za kawaida za Kleene. Mwaka 1990 Alfred Aho alionyesha kwamba kulinganisha ruwaza zenye marejeo ya namna hii ni tatizo la kundi la NP-kamili. Programu nyingi, Perl ya 1987 ikiwa miongoni mwao, zilichagua kujaribu njia moja na kurudi nyuma inaposhindikana. Mbinu hiyo humudu marejeo, lakini kwa ruwaza fulani muda wake hupanda kwa kasi ya kutisha kadiri matini inavyorefuka, hata pale ambapo ruwaza haina rejeo lolote.

Hapa ndipo lawama imewekwa mahali pasipostahili. Kunasa kwa ajili ya kubadilisha na kurejelea ndani ya ruwaza ni mambo mawili, ijapokuwa alama zao ni zilezile. Rob Pike alilithibitisha hilo katika kihariri chake sam cha miaka ya 1980: kila njia inayofuatwa hubeba kumbukumbu ya mahali mabano yalipofunguka na kufungwa, bila kurudi nyuma. Maktaba ya RE2, iliyotolewa hadharani na Google mwaka 2010, inafuata mkondo huo. Inakubali \1 katika matini ya kubadilishia na kuikataa ndani ya ruwaza. Mtafiti wa uradidi anayeitumia hulazimika kunasa neno zima kwanza, kisha kulinganisha nusu zake mbili kwa msimbo wa kawaida.