SAFU YA LUGHA: Kifaru, si tangi

Juzi dukani mjini Bukoba kijana kutoka Muleba aliulizia “tangi la rimoti”. Muuzaji akamwonyesha matangi ya maji. Kumbe alitaka kifaru cha kuchezea, chake cha kwanza.

Kosa lina asili yake. Mwaka 1915 Waingereza, wakificha silaha yao mpya, waliipa jina la tangi la maji, na jina likaganda. Kiswahili kikachagua mnyama: ngozi nene, anasukuma kilicho mbele yake. Wazee wa Kagera waliopitia vita vya 1978 na 1979 hawahitaji kufafanuliwa neno hili.

Tusilichanganye pia na deraya. Deraya ni vazi la chuma la askari wa kale. Gari la deraya limevikwa chuma hicho, na mara nyingi hutembea kwa magurudumu. Kifaru kina minyororo na mzinga. Kwa hiyo, kijana wangu, kabla ya kulipa kipindue utazame chini: kila mnyororo uwe na mota yake, ndipo kitageuka papo hapo kilipo. Kikinasa matopeni, sema “kifaru kimekwama”. “Amekwama” ni yule wa Ngorongoro.